Mgongo wa Mzee Ambrosi

Mzee Ambrosi alishika machela mbele, mimi nyuma, na tangu tulipotoka uani hakugeuka hata mara moja. Njia ilikuwa tope tupu la masika, ukimaliza mlima unaanza mwingine. Juu ya machela alilala Tusekile, binti wa miaka kumi na sita, usoni kafunikwa kanga nyepesi, miguu imevimba, kifafa cha mimba kimemwachia kwa muda tu.

"Anapumua?" aliuliza Ambrosi bila kugeuza shingo.

"Anapumua, Mzee."

Tukaendelea. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kutamani kulia, lakini hata kulia kunataka nguvu.

Nilihamishiwa kijiji kile, chini ya mlima Rungwe, mwaka 1975 nikitokea Kilolo, muuguzi wa Kihehe kati ya Wanyakyusa. Wanawake wazima walikuja kliniki ya wajawazito wakajaza benchi. Hawa wadogo, walioolewa juzi hata nyonga hazijakomaa, walifika kwenye migomba iliyo mbele ya zahanati, wakachungulia, kisha hao, wanarudi. Nilidhani ni aibu. Nikahubiri kwenye mikutano ya kijiji mpaka sauti ikakauka, nikawaita wakaidi. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone; mimi niliwachosha wenyeji bure.

Tusekile ndiye aliyeninyima usingizi. Nilikuwa nimemwona sokoni, mjamzito, miguu imevimba hata kandambili hazimwingii. Siku alipotokea tena kwenye migomba, nilimwomba Ambrosi amwite. Ambrosi alikuwa dresa wetu, kazi yake kukaa mlangoni, kufunga vidonda na kuchemsha sindano.

Aliinamisha kichwa. "Yule siwezi kumwita, Sista. Ni mke wa mwanangu. Kwetu baba mkwe na mkamwana hawaonani. Akisikia napita, yeye anaacha njia."

"Hata akiumwa?"

"Hata akiumwa. Na si yeye peke yake. Wake wa watoto wa ndugu zangu wote ni hivyo hivyo."

Zamani vijana waliooa walijenga kijiji chao mbali na cha baba zao, na mila ile ikawa na nafasi yake. Operesheni Vijiji ikawakusanya wote pamoja, zahanati ikajengwa katikati ya ukoo wa Ambrosi, na yeye mwenyewe akawekwa mlangoni. Nilimwomba asije siku za kliniki, akakubali. Lakini kifafa hakikungoja siku ya kliniki. Mama mkwe wa Tusekile alikuja mbio mchana ule, wakati wanaume wako shamba la kijiji ng'ambo ya mto. Wa kubeba alibaki Ambrosi tu.

Alisimama uani kwa mwanawe muda mrefu. Kisha akasema, "Mfunikeni." Akaja kinyumenyume mpaka kwenye machela, akachuchumaa, akashika.

Barabarani tulipata lori la chai. Ambrosi alitua machela, akasogea kando, akayaangalia mashamba mpaka tukaondoka. Hospitalini Tusekile alipona. Mtoto hakupona.

Niliporudi nilimkuta Ambrosi ameshaomba uhamisho. Nilimkasirikia. Nilimwambia yeye ndiye mkono wangu wa kulia, na kutokuja siku za kliniki kungetosha.

"Mimba haiangalii siku ya kliniki, Sista," alisema.

Wakampeleka Chunya, mzee ambaye hata migomba yake ilipandwa na babu yake. Aliondoka na sanduku moja la bati, mke akabaki kutunza nyumba.

Na kweli wasichana walikuja. Walikuja siku za kliniki na siku zisizo za kliniki, wakicheka, wakisukumana kwenye benchi. Dresa mwingine sikuletewa. Nilichemsha sindano mwenyewe nikaungua vidole, na jioni miguu iliyovimba ilikuwa yangu. Nilifurahi, sisemi uongo, lakini ilikuwa furaha ya mtu anayetaka kulala.

Mwaka uliofuata Tusekile aliingia kwa mlango wa mbele, mimba bado changa. Habari za siku ile hatukuwahi kuzizungumza. Alikaa mbele yangu, akaniuliza taratibu, bila kumtaja mtu:

"Huko Chunya, Sista, ndizi zinastawi?"

"Hazistawi. Kule ni kukavu."

Alitazama nje, kwenye migomba. Kisha akanyoosha mkono nimpime presha.