Mto wa Kiti cha Chiriku

Kifuniko cha birika kilianza kugongagonga kabla hakujapambazuka, na Bi Pindo hakuinuka kukisogeza. Alikuwa ameketi mbele ya cherehani yake, wembe mkononi, anafumua mto.

Mto wenyewe ulikuwa haujaisha. Kitambaa chake kilikuwa laini, cha rangi ya maziwa, na ndani mlikuwa na sponji yenye unene wa vidole vitatu. Katikati alikwisha kutoboa matundu manne ya kupitishia mikanda, kila tundu akalizungushia uzi mara mbili lisichanike. Alikuwa akiushona kwa siri, awapelekee mwanawe na mkewe kwa ajili ya kichanga chao cha wiki sita, kikalie kwenye kiti chake cha gari. Ulikuwa mto wake wa pili wa namna hiyo. Wa kwanza aliushonea Chiriku, mjukuu wake wa kwanza.

Jina la Bi Pindo alipewa na wateja, kwa kuwa gauni alilolishona huchakaa lote, pindo likabaki zima. Jana asubuhi alikuwa amepeleka mapazia kwenye kliniki ya watoto, akapanda juu ya kigoda kuyatundika mwenyewe, maana hakumwamini mtu mwingine na kazi yake. Chini yake akina mama walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, na nesi mmoja mfupi mwenye sauti ya mnadani alikuwa ameweka kiti cha mtoto cha gari juu ya meza, na mwanasesere ndani yake.

"Mama zangu, hiki si sofa," nesi alisema. "Kazi yake ni kumshika mtoto. Ukishafunga mkanda, jaribu kuufinya hapa begani. Ukipata cha kufinya, umelegea, vuta tena. Atanuna, ndiyo. Bora anune akiwa mzima."

Wakacheka. Bi Pindo naye alitabasamu huko juu, pete za pazia mkononi.

Kisha nesi alichukua sweta, akalikunja, akaliweka nyuma ya mwanasesere, akafunga mikanda juu yake. Ilionekana imekaza. Akamtoa mwanasesere, akatoa sweta, akamrudisha na kumfunga kwa urefu uleule wa mikanda. Sasa ilining'inia. Alimwinua kwa kidole kimoja, mwanasesere akachomoka kama mguu unavyotoka kwenye kiatu kikubwa.

"Gari likigongwa, kitu laini kinajiminya chote kwa mara moja. Mtoto anatoka, kiti kinabaki kimefungwa vilevile. Kwa hiyo chochote ambacho hakikuja na kiti, mto, blanketi, sweta nene, kisikae kati ya mtoto na mikanda. Hata kama kimeshonwa na bibi yake."

Wakacheka tena. Nesi hakuwa na habari. Bi Pindo alishuka kwenye kigoda taratibu, akaketi juu yake, na pazia la mwisho halikutundikwa mpaka mchana.

Kiti kinabaki kimefungwa vilevile. Maneno hayo aliyasikia msibani, miezi kumi na minne iliyopita. Lori lilichomoza kutoka njia ya pembeni, likaligonga gari la mwanawe ubavuni. Mwanawe alivunjika mkono. Chiriku, miaka miwili na nusu, jina alilopewa kwa kuwa alianza kusema akiamka na alinyamaza akilala, alikutwa barabarani. Mikanda ya kiti ilikuwa imefungwa, yeye hayumo. Watu waliambiana jambo hilo kwa sauti ya chini kama jambo lisilo na maelezo. Bi Pindo naye aliwaambia wengine.

Ni yeye aliyeshona mto wa kiti kile, kwa kuwa Chiriku alilalamika kwamba kiti kinamchoma mgongo. Alipoulizia mto huo baada ya mazishi, abaki nao kama kumbukumbu, mwanawe alijibu akiwa amempa kisogo: "Ulichafuka, mama. Niliutupa."

Tangu hapo mwanawe alikuja kila wiki kumtazama, na kila wiki alikuja peke yake. Alileta unga, alileta sabuni, alikaza bawaba za dirisha; alikuwa fundi wa majokofu, mikono yake haikai bure. "Mkweo anakusalimia," alikuwa akisema. "Amechoka tu." Kichanga kilipozaliwa, Bi Pindo alikiona mara moja hospitalini, kwa dakika chache, na mkwe hakuinua macho.

Alidhani ni msiba. Sasa, uzi wa mwisho ulipotoka, alielewa kwamba walikuwa wanajua.

Angeweza kunyamaza. Sponji angeitupa, kitambaa angekifanya tambara, na mwanawe angeendelea kuja. Akisema, huenda hata ziara hizo zikakatika, na yule mdogo akakua bila kuijua sura yake. Lakini kama jana asingekuwa kliniki, wiki hii angewapelekea mto wa pili, nao, kwa kumhurumia, wangetafuta uongo mwingine wa kuukataa. Hakutaka tena kuhurumiwa kwa gharama ya namna hiyo. Aliepua birika, akavaa viatu, akaondoka bila kunywa chai.

*

Mkwe wake alifungua mlango akiwa na kichanga begani na taulo mkononi. Gari lilikuwa uani, mlango wa nyuma wazi.

"Shikamoo, mama. Kuna nini asubuhi yote hii?"

"Marahaba, Mama Chiriku."

Lilimtoka tu. Mkwe alisimama pale mlangoni bila kusogea.

"Hakuna anayeniita hivyo siku hizi," alisema. "Wote wananiita mama kichanga. Wanaogopa." Akasogea pembeni. "Ingia, mama. Mwanao ameenda kununua maji ya betri, gari limegoma kuwaka. Anatengeneza majokofu ya mji mzima, betri ya kwake inamshinda."

Bi Pindo aliingia, akakaa kwenye ukingo wa kochi, mkoba magotini.

"Nimekuja na neno moja. Nikishalisema, ukitaka niondoke, nitaondoka wala sitakulaumu." Alivuta pumzi. "Ule mto, mwanangu. Ndio uliomtoa Chiriku kwenye kiti?"

Mkwe alimhamisha mtoto kutoka bega moja hadi jingine. Alichukua muda mrefu kulikunja taulo.

"Nani amekwambia?"

"Hakuna. Nesi alikuwa anafundisha watu wengine, mimi nikiwa juu ya kigoda."

"Siku ya tatu," mkwe alisema, "askari wa barabarani alituita kuchukua vitu vyetu. Aliweka mkono kati ya mkanda na kiti. Ukapita, pamoja na ngumi. Alimtazama tu mume wangu, kisha akaubonyeza ule mto. Huko njiani mume wangu aliniapisha. Alisema, mama yangu akijua, tutazika tena."

"Ndiyo maana hukuja kwangu."

"Mimi uongo siuwezi, mama, unanijua. Ningeingia pale, nikakuona unashona, ningesema." Akasema bila kumwangalia: "Na nilikuchukia. Sitakuficha hilo pia. Kulikuwa na siku nilikuwa nikisikia cherehani ya jirani natoka nje."

Bi Pindo alitikisa kichwa kukubali. Hakuomba msamaha wakati huo. Aliona ingekuwa kama kumtaka mtu mwenye mtoto begani abebe na kitu kingine.

"Ulikuwa na haki," alisema.

"Ngoja." Mkwe aliketi, siyo kwenye kochi la mbali, bali pale pale pembeni yake. "Kuna jambo hata mume wangu halijui. Siku ulipotuletea mto, mikanda haikufunga. Ilikuwa mifupi. Kuna kitufe pale chini, unabonyeza, unavuta. Niliilegeza mimi. Na siku ya ajali kulikuwa na baridi, nikamvika koti. Haikufunga tena." Alikishika kichanga vizuri begani. "Nikailegeza tena. Alikuwa ananiambia habari za paka, nami nalegeza, namwambia ndiyo mwanangu, ndiyo."

Kichanga kilikohoa kidogo, kikatulia. Bi Pindo aliweka kiganja chake mgongoni mwa mkwe wake, kati ya mabega, akakiacha pale. Hakusema si kosa lako. Wote wawili walijua uzito wa kitu walichokuwa wameshika, na maneno ya namna hiyo yangekuwa kumwacha mwenzake aushike peke yake.

"Umekaa na hilo miezi kumi na minne," alisema mwishoni.

"Nimekaa nalo."

"Na hukulitupia kwangu lote, ungeweza."

Mkwe alilia hapo, kimya kimya, akijifutia kwa taulo la mtoto. Alipomaliza alisema, "Tuna kliniki saa tatu. Njoo nikuonyeshe kiti chake. Sitaki siku moja umfunge bila kujua."

Walitoka uani. Kiti kilikuwa kipya, kimetazama nyuma ya gari. Mkwe alimlaza mtoto, akapitisha mikanda mabegani. "Kwa mdogo hivi, inatokea chini kidogo ya bega, si juu. Haya, mama, fanya wewe."

Bi Pindo aliishika mikanda, maana kazi hii ilikuwa ya vidole vyake. Miaka arobaini vilikuwa vinatambua kitambaa kilicholegea gizani. Alifunga, akavuta utepe wa mbele, akafinya mkanda begani. Alipata cha kufinya. Akavuta tena. Akafinya. Vidole viliteleza, havikukamata kitu. Mtoto alianza kulia kwa hasira, uso umekunjamana.

"Anaumia?"

"Hapana. Ananuna tu."

Bi Pindo alichukua shali iliyokuwa kwenye kiti cha mbele, akainama aichomeke ubavuni mwa mtoto, chini ya mkanda, kama alivyofanya kwa watoto wote maishani mwake. Mkono wake ulisimama hewani. Akaitandaza juu, juu ya mikanda iliyokwisha kufungwa.

Alipoinuka, mwanawe alikuwa amesimama kwenye geti na kichupa cha maji ya betri. Alimtazama mama yake, akamtazama mkewe, na mkewe akamwitikia kwa kichwa. Mwanamume yule alikiweka kichupa chini kama kitu kinachovunjika.

"Umenibebea mzigo wangu mwaka mzima, mwanangu," Bi Pindo alisema.

"Haukuwa mzito, mama."

Ulikuwa uongo, tena mbaya, wa mtu ambaye macho yamejaa. Bi Pindo aliupokea jinsi ulivyotolewa. Alimshika mkono ule uliovunjika, akaupapasa kwenye kiwiko, pale mfupa ulipounga vibaya.

"Yeye naye ana la kukwambia," alisema kwa upole. "Umsikilize kama alivyokuvumilia. Usimkatize."

Mwanawe alifungua boneti, akamimina maji, gari likawaka kwa kukohoa. Bi Pindo hakutaka kupanda. Alisema atatembea, miguu imeganda. Ukweli ni kwamba hakuwa tayari kukaa pembeni ya kiti cha mtoto ndani ya gari linalokwenda. Hakuna aliyemlazimisha, na hilo pia alilitambua.

Alikuwa amefika getini mkwe alipoteremsha kioo.

"Mama."

Bi Pindo aligeuka.

"Sijui kama haya yatakwisha. Siwezi kukuahidi. Kuna siku utakuja nisiweze kuongea." Alimtazama, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, usoni moja kwa moja. "Ila uje tena. Usikae sana bila kuja, mama. Uje."