Dakika Kumi za Mama Mkwe

Mimi maelekezo ya kwenye chupa sisomi. Hayo yaliandikiwa wasiojua kazi, na mimi nimeezeka mapaa miaka ishirini bila kusoma popote.

Kwa hiyo nilipopata kazi ya miezi minane mbali na nyumbani, pikipiki yangu niliiandaa mwenyewe. Fundi pikipiki alikuwa ameniambia kwamba petroli ikikaa sana huharibika na kuacha utando unaonata ndani ya kabureta, pale petroli inapopitia kuingia kwenye injini, akaniuzia kichupa cha dawa ya kuitunza. Nikajaza tangi, nikamimina dawa, nikaifunika pikipiki kwa turubai pale sebuleni, chini ya dirisha.

Mama mkwe, tunayeishi naye, alikuwa amevaa miwani yake, anakisoma kichupa taratibu kama barua ya mtoto aliye mbali.

"Mkwe wangu," akasema, "hapa wameandika ukishatia dawa uwashe injini dakika kumi."

"Mama, dawa imo tangini. Itafanya kazi yenyewe."

"Haya, baba." Akakiweka kichupa chini. Mama huyu hajawahi kubishana nami hata siku moja, na mimi kwa ujinga wangu nilidhani ni kwa sababu huwa nasema kweli.

Mke wangu ndiye hakuninyamazia. "Sikio la kufa halisikii dawa. Basi sikiliza: siku utakayorudi, isipowaka, anaichukua kaka yako. Nimechoka kufagia nikikwepa magurudumu."

Nikakubali, tena kwa kujipiga kifua. Kaka yangu ameitamani ile pikipiki tangu siku niliyoinunua. Na ndiyo inayompeleka Mama kila Jumapili kwa dada yake, mgonjwa wa miguu, upande wa pili wa mlima ambako basi halifiki.

Nilirudi Jumapili. Nikamkuta kaka yangu mlangoni, kofia ya pikipiki mkononi. Kofia mpya! Mtu hana hata haya.

Tukaitoa uani. Nikapiga kiki. Kimya. Kaka akaivaa kofia. Nikapiga ya pili, ikakohoa, ikanyamaza. Hapo nikamwona Mama mlangoni, ameshavaa viatu vya safari, mkoba kwapani, na kwa mara ya kwanza nikaogopa kweli. Nikapiga ya tatu kwa nguvu zangu zote.

Ikanguruma!

"Mmeona?" nikapaza sauti. "Ukiijua kazi, unaijua!"

Mke wangu akacheka hadi akashika ukuta. "Mjuaji wewe! Siku uliyoondoka, basi lako halijakata kona, Mama alimwita jirani aje ampigie kiki. Ikanguruma hapa uani dakika kumi kamili, Mama kaishikilia saa."

Nilimgeukia Mama nikiwa na aibu, lakini furaha ilikuwa kubwa zaidi.

"Sikutaka kukuvunjia heshima, baba," akasema, huku akipanda nyuma yangu. "Ila dawa ukiibana shavuni haikuponyi, mpaka ishuke. Ile ya tangini ilikuwa haijafika kwenye kabureta."

Kisha akanyoosha mkono, akamvua kaka yangu ile kofia mpya na kuivaa mwenyewe.

"Twende. Dada yangu ananisubiri mwezi wa nane huu."