Saini ya Delmira

Siku ya uchaguzi wa wabunge, Machi 1988, hakukuwa na basi hata moja barabarani. Waasi walikuwa wamepiga marufuku magari na kuangusha nguzo za umeme, kwa hiyo Delmira Argueta alikwenda kwa miguu hadi kituo cha kupigia kura, pamoja na Toña, mama wa ubatizo wa mwanawe. Delmira alikuwa wakala wa chama cha kijani, kilichoshika serikali na Bunge. Toña alikuwa wakala wa wapinzani, chama cha wenye mashamba ya kahawa.

"Leo tunawanyoa bila maji," Toña alisema, akimmegea pupusa, mkate wa mahindi uliojazwa maharage.

"Kula polepole, mwenzangu, usipaliwe na ushindi ambao hujaupata."

Lakini moyoni Delmira alikuwa na wasiwasi. Miaka minne iliyopita chama chake kiliahidi kumaliza vita. Vita vilikuwa palepale, bei ya maharage ilikuwa haishikiki, na mwanawe Nelson alikuwa amerudi kutoka jeshini na mguu mmoja. Adhuhuri Nelson alifika kwa mkokoteni wa ng'ombe wa jirani, akapiga kura.

Saa kumi na moja kituo kikafungwa. Kwa kuwa mawakala wenyewe ndio waliohesabu, Delmira akazisoma kura moja moja kwa sauti, akiinua kila karatasi wote waione. Kijani sitini na moja. Wapinzani mia moja na kumi na mbili. Toña hakucheka.

Kabla fomu ya matokeo haijasainiwa akaingia don Anselmo, bwana aliyekuwa mkubwa wa chama cha kijani pale mjini, akamvuta Delmira kando.

"Usisaini. Sema kura zimechezewa."

"Don Anselmo, aliyehesabu ni mimi."

"Na kazi ya kufua mashuka pale zahanati, nani alikupatia?"

"Ni wewe, don Anselmo."

"Haya basi."

Delmira akarudi mezani, miguu ikimuuma, akaandika jina lake lote, akamsogezea Toña fomu.

Chama cha kijani kikapoteza Bunge. Wiki iliyofuata Delmira akaambiwa zahanati haimhitaji tena.

Nelson alihamaki. "Mama! Hata mimi niliwapigia wapinzani, lakini nisingekuomba upoteze kazi."

"Uliwapigia wao?"

"Ndiyo, mama."

Ilimuuma Delmira, wala hakuficha.

"Basi kura yako niliisoma sawasawa," alisema.

Akaanza kufua nguo za watu mtoni. Uchaguzi uliofuata alikwenda kupiga kura tu, bila kuvaa rangi ya chama chochote.