Neno Aliloongeza Devota

Kwenye kambi ya mafunzo ya wanamaji, kando ya ziwa, mbele kidogo ya Bangwe, jambo la kwanza Devota kufundishwa lilikuwa kunyamaza. Kabla hajajua kupiga kwata wala kufungua fundo la kamba chini ya maji, aliambiwa kwamba kuruta haulizi, na akiulizwa hajibu zaidi ya alichoulizwa. Walimnyoa nywele siku ile ile aliyofika. Buti alizopewa zilikuwa za kiume. Alisokomeza matambara mbele, na bado zilimchubua visigino hata akawa anakimbia mchakamchaka kwa ncha za vidole.

Kwao ni Kagunga, kijiji cha mpakani, ambako mama yake alikuwa akianika dagaa. Tangu utotoni alitamani kushika usukani wa boti, na wanaume wa Kagunga wakamcheka, kwa kuwa boti ya uvuvi haipandwi na mwanamke. Aliposikia kwamba wanamaji wanachukua wasichana, hakungoja kushawishiwa.

Mkufunzi wao alikuwa Sajenti Leodgar, mtu mwembamba wa Songea ambaye hakuwa na tabia ya kupaza sauti. Hilo ndilo lililowaogopesha. Siku moja makuruta walikuwa wakiogelea na kombati mwilini, na Amuri, kijana wa Kasingirima aliyekulia karibu na ziwa bila kujua kuogelea, akaanza kunywa maji. Devota alikuwa mbele yake. Akageuka, akamshika kwapani.

"Kuruta, nilikutuma nini?" Leodgar alimuuliza walipotoka.

"Kwenda kwenye boya na kurudi, afande."

"Na Amuri alikuwa kazi ya nani?"

Devota alikuwa hajaona kwamba sajenti mwenyewe alikuwa kwenye mtumbwi, nyuma yao kidogo, kamba mkononi.

"Yako, afande."

"Basi siku nyingine niachie kazi yangu."

Kikosi kizima kiliruka kichura kwenye mchanga wa moto mpaka wengine wakatapika. Hakuna aliyemlaumu kwa mdomo, ila wakati wa chakula alipofika na sahani yake, hakuna aliyesogea kumpisha kwenye benchi. Amuri peke yake alisimama, akaenda kula naye chini ya ukuta.

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na sita, na Warundi walikuwa wakivuka kukimbia vita kwao. Kila mara makuruta walipokimbia kando ya ziwa waliona watu wapya wameketi ufukweni juu ya mizigo yao, magodoro yakiwa yamelowa, watoto wakitazama mahali pasipo na kitu. Devota aliyasikia maneno yao akipita. Kiha cha kwao Kagunga na Kirundi havipishani sana, na lugha ile ilikuwa ikimwingia kifuani kama harufu ya jikoni kwao. Kambini ilikuwa Kiswahili tu, tena cha amri.

Siku walipopelekwa kujifunza doria, boti yao ilielekea kaskazini, karibu na Kagunga. Kulikuwa na upepo kutoka upande wa Kongo na ziwa limechafuka. Wakaiona boti ya mbao ikielea ubavu, mashine yake imezimika. Ilijaa watu kiasi kwamba kingo zake zilikuwa zinakaribia kulingana na maji.

Leodgar aliitazama kwa muda. "Nani anasema lugha yao?"

Wote walimtazama Devota. Sajenti akampa kipaza sauti.

"Waambie hivi, sikiliza vizuri. Wakae chini. Wasisimame. Tunarusha kamba. Umesikia?"

"Nimesikia, afande."

"Hayo tu."

Devota akayasema. "Mwicare hasi." Kaeni chini. Sauti yake ilitoka kubwa, akajishangaa mwenyewe. Akasema wasisimame, akasema kamba inakuja. Watu walitulia. Hata watoto walinyamaza. Kisha mwanamke mmoja kijana aliyekuwa katikati, mwenye kitenge cha njano, akapaza sauti akimuuliza, "Uri mwene nde?"

Wewe ni mtoto wa nani. Kwa miezi yote ile hakuna aliyemuuliza Devota ni mtoto wa nani. Kabla hajafikiri, alijibu kwenye kipaza sauti kwamba yeye ni wa Kagunga, kwamba kwao ni pale pale mbele yao. Akaongeza neno moja: "Mwashitse." Mmefika.

Yule mwanamke akasimama. Na nyuma yake wakasimama wengine, wakinyoosha shingo kuona nchi kavu, mtu mmoja akimnyanyua mtoto juu ili naye aone. Boti iliinama upande mmoja polepole, kama mtu anayegeuka usingizini, kisha haikurudi.

Leodgar alikuwa majini kabla ya mtu yeyote. Makuruta wakafuata. Devota alivua buti, akajitupa. Alichokumbuka baadaye kilikuwa vipande vipande: mikono ikimkaba shingo, Amuri aking'ang'ania kamba kwa mkono mmoja na kuvuta watu kwa mwingine, jinsi kitenge kilichojaa maji kilivyo kizito. Wavuvi wa Kagunga walipiga makasia kuja kusaidia. Wengi waliokolewa. Wengine waliletwa nchi kavu wakafunikwa nguo, na wengine ziwa halikuwatoa siku ile.

Jioni, ufukweni Kagunga, ambako kikosi kingelala, afisa mmoja alikuja kutoka mjini. Alimpa Devota mkono, akamsifu kwa alivyoogelea. Alipoondoka, Devota alimfuata sajenti, ambaye alikuwa ameketi kwenye mwamba akikamua soksi.

"Afande, niliongeza maneno."

Leodgar aliacha kukamua.

"Walitulia. Mimi nikawaambia wamefika. Ndiyo maana wakasimama."

Sajenti alianika soksi juu ya mwamba. "Boti ile ilikuwa inazama tangu ilipoondoka kwao," alisema. Devota akashusha pumzi, lakini sajenti hakuwa amemaliza. "Nitaandika ulichoniambia. Siwezi kukuficha, na siwezi kukwambia kwamba si kitu. Utakuwepo kwenye paredi kesho alfajiri kama wenzako."

Devota hakulala. Kulipokucha, badala ya kwenda kwenye paredi, alikwenda pale wakimbizi walipokuwa wakingojea boti kubwa ya kuwapeleka kwenye kambi ya wakimbizi. Alimkuta mwanamke wa kitenge cha njano akiwa peke yake, amekumbatia magoti. Jina lake lilikuwa Regina.

Devota alichuchumaa mbele yake, akamsalimu kwa lugha yao, kisha akamweleza. Alimweleza aliyoagizwa kusema, na lile alilolitia mwenyewe.

Regina alimtazama kichwa kile kilichonyolewa. "Nilikusikia," alisema. "Nilisimama ili nikuone uso. Mama alikuwa amenishika kiuno, akaniambia kaa, mwanangu, wamesema tukae."

Devota hakuthubutu kuuliza mama yuko wapi. Alikuwa ameziona nguo zilizofunika maiti.

"Nilidhani una nywele," Regina akasema.

Hapo tu ndipo machozi ya Regina yalipotoka, bila sauti. Devota hakujua kama anaruhusiwa kumgusa. Aliketi kando yake mchangani, bega lake likiwa karibu na la mwenzake pasipo kugusana, na Regina hakusogea. Walikaa hivyo hadi boti ilipofika. Devota alimsaidia kupanda, akampa shati lake la kubadilisha, kwa kuwa Regina hakuwa na chochote.

Leodgar alikuwa akimngoja mbele ya kikosi. Hakuuliza alikuwa wapi.

"Umekosa paredi, kuruta."

"Ndiyo, afande."

"Kichura. Mpaka kwenye mitumbwi ile na kurudi."

Amuri alipiga hatua mbele kutoka mstarini. "Naomba nimsindikize, afande."

Sajenti alimtazama, akatazama ziwa, akaitikia kwa kichwa. Wakaruka wawili, mikono kisogoni, jua likianza kuwaka, na wanawake waliokuwa wakianika dagaa wakasimama kuwatazama. Mmoja wao alikuwa mama yake Devota. Alimwona mwanawe akilia, akadhani ni adhabu inayomliza.