Mwavuli wa Pazia la Buluu

Siku mbili kabla ya sikukuu, muuguzi mmoja alisimama dukani ameshika mwavuli uliofungwa kwa nailoni tabaka tatu. Alitaka kumpelekea mama mkwe wake zawadi.

"Chukua, dada. Kipya kinyemi," muuzaji alimwambia.

Lakini miavuli ya namna hiyo alikwisha kutupa mitatu, na hakuna hata mmoja uliomaliza mwaka. Akaurudisha. Nyumbani kwake, nyuma ya mlango, kulikuwa na mwavuli mkuukuu ambao mama mkwe aliusahau zamani. Akaupeleka kwa fundi.

Fundi aliupapasa taratibu. "Mifupa mizima, mama. Nguo tu ndiyo imechoka. Una kitambaa?"

Alikuwa na pazia la buluu, lililokuwa chumbani mwake tangu aolewe. Fundi akalikata, akalishona, akalipaka nta ya nyuki lisipitishe maji.

Siku ya sikukuu mama mkwe aliufungua mwavuli palepale sebuleni. Mwanga wa dirishani ukapenya kitambaani, na uso wake, mikono yake na ukuta vikawa buluu, kama chumba kizima kimezama kwenye maji matulivu. Aliuzungusha polepole.

"Pazia hili nililitundika mimi," alisema hatimaye. "Asubuhi ile tuliyokuwa tunakungoja uje."

Muuguzi hakuwahi kulijua hilo.

"Sogea, mwanangu. Tunaenea."

Akaingia chini ya mwavuli. Wakakaa bega kwa bega ndani ya ule ubuluu, na chai ikapoa mezani bila mtu kuigusa.