Udongo wa Tembo

Dorkasi, jirani wa mpaka mmoja, alisimama kwenye ua wa Martini na ungo wa maharage mkononi. Alisema amemwona Marsela saa tatu asubuhi akipita nyuma ya shamba la kahawa, ana kajembe, anaelekea msituni.

"Nikamwambia, mama, leo si siku ya kuni. Akasema hafuati kuni."

"Anafuata nini?"

"Baba Marsela, na wewe hujui?"

Martini alijua. Ilikuwa saa saba mchana na nyumba ilikuwa tupu. Mke wake alikuwa msibani Mbulu. Mkwe wake, Adrian, alikuwa Mang'ola kwenye vitunguu, na ndiyo maana Marsela alikuwa amerudi kukaa kwa baba yake na ujauzito wake wa kwanza, miezi saba.

Kwa miaka kumi na minane Martini alikuwa akiongoza wageni kwenye njia ya korongo, kutoka geti la msitu hadi maporomoko. Katikati ya njia kuna mapango ambayo tembo wameyachimba kwa pembe, wakitafuta udongo wenye chumvi. Wageni hupiga picha. Martini, wageni wakishageuka, humega bonge moja la kumtosha kiganja na kulitia mfukoni. Mke wake aliula udongo ule kwa mimba zake zote, na Marsela alipobeba yake akauomba huohuo. Udongo wa kununua sokoni Karatu alisema hauna ladha, ni kama kutafuna chaki.

Halafu nesi wa kliniki akampima akakuta damu imeshuka hadi saba. Akauliza anakula nini, na alipoambiwa, akamkemea Martini, aliyekuwa amemsindikiza, mbele ya akina mama wote waliokuwa kwenye benchi. Jioni ile, wakati wa kula, Martini akasema neno lake mbele ya watu.

"Kuanzia leo sileti tena. Wewe si tembo. Ukitaka kulamba udongo, kalale zizini."

Marsela aliinuka akaosha vyombo.

Lakini Jumatano iliyofuata mkono wa Martini, kwa mazoea ya miaka, ulimega bonge ukalitia kwenye mfuko wa kazi. Alipofika nyumbani akakumbuka alichokisema. Alimwona binti yake amekaa kwenye kigoda, macho yanauangalia mfuko, na Martini akautundika kwenye msumari nyuma ya mlango bila kuufungua. Bonge lilibaki humo siku nne.

Sasa aliutoa ule mfuko msumarini. Ulikuwa mzito. Akauvaa begani hivyohivyo na kwenda mbio.

Getini alimkuta Supeet, askari wa zamu, Mmasai, amekaa na bunduki mapajani.

"Mzee Martini, leo njia imefungwa. Tembo wako korongoni tangu asubuhi. Hata wageni wamerudishwa."

"Sina wageni. Mwanangu yuko huko."

"Kapitia wapi? Mimi sijaona mtu."

"Nyuma ya kahawa. Ana mimba."

Supeet alisimama. Alisema maneno mawili kwenye redio, akakaza mkanda.

"Tangulia, njia unaijua. Ila nikisema simama, usimame. Ninyi Wairaki mna vichwa vigumu."

"Vingekuwa laini mngetumalizia ng'ombe."

Siku nyingine wangecheka. Siku hiyo walitaniana kwa sababu ndivyo walivyozoea, na miguu yao tayari ilikuwa inashuka.

Chini ya miti mikubwa kulikuwa na giza la kijani na ubaridi. Njia ilikuwa imelowa. Mahali ambapo kijia cha kuni kinaungana na njia ya wageni, Martini aliona nyayo za yeboyebo, ya kushoto imekatika kisigino. Ni za Marsela. Alikuwa amemwahidi kumnunulia nyingine. Alizifuata bila kupumua vizuri, akivuka magogo ambayo akiwa na wageni huyapitia polepole akiwasimulia habari za ndege. Nyayo zilikwenda mbele. Hazikurudi hata mara moja.

"Simama," Supeet alinong'ona.

Mapango yalikuwa hatua sitini mbele, ng'ambo ya kijito, na tembo walikuwapo. Majike matatu na ndama. Mmoja alikuwa ameingiza kichwa pangoni anakwangua ukuta, na vumbi jekundu lilikuwa likimwagika mabegani kwake. Kwenye njia, karibu na miguu ya ndama, kajembe kalikuwa kamelala.

Martini akaangalia chini ya tembo, pembeni yao, kwenye vichaka, akitafuta kitambaa, akiogopa kukiona.

"Hakuna damu," Supeet alisema. "Mzee, niangalie mimi. Hakuna damu. Wamemkuta anachimba, akakimbilia juu. Mbele ya hapa kuna nini?"

"Maporomoko. Basi. Kuta pande zote."

"Basi yuko huko. Na hawa wamekaa mlangoni."

Upepo ulikuwa unashuka kutoka juu, ukiipeleka harufu yao mbali na tembo. Supeet alionyesha kijia cha nyati kwenye mteremko wa kushoto, wakakipanda wakitambaa, wakapita juu ya migongo ya tembo. Upupu ulimwasha Martini mikono na shingo. Hakujikuna. Alikuwa akirudia jina la binti yake moyoni kama mtu anayehesabu.

Walimkuta Marsela chini ya mwamba, mahali ambapo wageni huvulia viatu. Maji yalikuwa yakianguka kutoka juu kwa kishindo na manyunyu yake yalikuwa yamemlowesha kanga zote. Midomo yake ilikuwa imekuwa ya majivu. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba.

"Baba," alisema.

"Umeumia wapi?"

"Nilikuwa nakimbia. Nikaangukia tumbo, kwenye jiwe." Aliweka mkono tumboni. "Mtoto hachezi."

"Tangu lini?"

"Tangu nianguke."

Martini alisimama tu. Kwao baba hawezi kuweka mkono kwenye tumbo la binti yake, hata kama kuna nini. Aliitazama ile mikono yake mikubwa na hakujua aipeleke wapi.

"Alale ubavu wa kushoto," Supeet alisema. Alikuwa na watoto watatu. "Na anywe kitu cha sukari. Wa kwangu wa pili ndivyo walivyomwamsha."

Mfukoni mlikuwa na kijuisi cha boksi alichoacha mgeni Jumatano. Marsela alikinywa chote, akalala ubavu. Supeet akarudi kuwaangalia tembo. Baba na binti wakabaki wanasubiri, maji yanaanguka, na kila Martini alipomtazama, Marsela alitikisa kichwa.

Labda ilipita nusu saa. Martini hakuweza kungoja tena. Aliingiza mkono kwenye mfuko, akalitoa bonge, akaliweka juu ya jiwe mbele ya uso wa binti yake.

Marsela alilitazama kwa muda mrefu.

"La lini hili?"

"Jumatano."

"Lilikuwa wapi?"

"Humu. Nyuma ya mlango."

"Asubuhi niliusukuma huo mfuko nikichukua kajembe." Sauti yake ilikuwa ndogo na kavu. "Kwa nini hukunipa?"

"Nilishasema sitaleta."

"Ulishasema." Aliligusa bonge kwa kidole. "Basi kama mwanangu amekufa, baba, amekufa kwa sababu ulishasema."

Martini alikaa chini kwenye matope.

Supeet alirudi anahema. "Wamepanda upande wa pili. Hatujui watakaa huko kwa muda gani. Sasa hivi."

Marsela hakuweza kukanyaga. Martini alimgeuzia mgongo akachuchumaa.

"Nitakulemea."

"Panda."

Alipanda. Supeet akamfunga kwa kanga zake mbili, akilegeza tumboni, na Martini akainuka kama anavyoinuka mwanamke na mzigo wa kuni, mkono mmoja juu ya goti. Mikono ya binti ilimzunguka shingoni. Katika mkono mmoja alikuwa ameshika lile bonge. Maji ya kanga yalilowesha udongo ukachirizika mwekundu kifuani mwa shati lake, na Martini hakumwambia alitupe.

Walipita mapango. Harufu ya tembo ilikuwa bado nzito, kinyesi kinatoa mvuke. Supeet alitembea kinyumenyume, bunduki imeelekea mteremko. Ikabaki kuvuka kijito, mahali ambapo mawe huteleza na ambapo Martini hushika mikono ya wageni mmoja mmoja. Aliingia. Maji yalikuwa ya baridi, yakamfika magotini. Alikuwa akimwomba Mungu, yeye ambaye huomba kanisani tu na Jumapili tu, akimwambia achukue chochote, achukue shamba, achukue miguu yake akishafika ng'ambo.

Katikati ya kijito kitu kilimgonga mgongoni. Chini kidogo, karibu na kiuno. Kidogo sana, kama mtu anayegonga mlango akiwa hana hakika kama wenyewe wapo.

Akasimama.

"Mzee," Supeet alisema kutoka ukingoni, "hapo si pa kusimama."

Martini hakusogea. "Marsela. Ni wewe umesogeza goti?"

Kikagonga tena, kwa nguvu zaidi, upande wa kulia wa uti wa mgongo, na paji la uso wa binti yake likaanguka shingoni mwake, la moto, likaanza kutetemeka.

"Mzee Martini. Songa."

"Subiri," alisema Martini. "Subiri kidogo."