Ufafanuzi Aliouchagua Mzee Mniko

Mwaka 1986, Mzee Mniko wa Buswahili alisimamisha harusi ya binti yake Boke kwa sababu dunia ilikuwa inaisha. Habari hiyo aliipata gulioni Bunda, kwa mhubiri mmoja mpita njia. Mhubiri alisema foleni za sukari na ukosefu wa sabuni ndiyo ile mihuri ya Ufunuo, inafunguliwa mmoja mmoja. Mzee akarudi nyumbani, akafungua Biblia, akasoma Ufunuo mpaka kwa yule mnyama wa vichwa saba, akaishia hapo.

"Huyo mchumba wako Masatu arudi kwao ziwani," alimwambia Boke. "Huu si wakati wa kuoana."

Boke alikwenda moja kwa moja kwa Kwangu, mwinjilisti wa usharika wao wa Kilutheri. Kwangu akakiri kwamba hata yeye sura zile alikuwaga anaziruka.

"Tunahitaji kitabu cha ufafanuzi," alisema. "Ila baba yako akichague mwenyewe. Nikimchagulia mimi, hataniamini."

Wakapanda lori la pamba wote watatu hadi Musoma. Vitu vilikuwa vimeanza kurudi madukani. Boke aliduwaa mbele ya kanga zilizotundikwa mpaka baba yake akamvuta mkono. Kwenye duka la vitabu la kanisa, muuzaji aliyeitwa Mama Pelagia aliwawekea vitabu viwili mezani. Kimoja kilikuwa kinene, na joka jekundu kwenye jalada. Kingine kilikuwa chembamba, cha kijivu. Mchungaji mmoja wa Kilutheri alikuwa amekiandika kwa ajili ya wainjilisti wa vijijini.

Mzee akakumbatia kile cha joka.

"Sawa, baba," Mama Pelagia akasema, "lakini kwanza chagua mahali panapokutisha zaidi, upasome kwenye vyote viwili."

Mzee akavaa miwani. Kitabu kinene kilijaa hesabu za pembe, falme na miaka. Akazifuata kwa kidole mpaka kwenye jibu.

"Hapa wanasema dunia inaisha mwaka wa sabini na tisa," alisema polepole.

"Mwaka huo nilipata kipaimara, baba," Boke akasema.

"Na mimi nilijenga zizi!" Akaanza kucheka, akacheka mpaka miwani ikamdondoka.

Akafungua kile cha kijivu. Kilieleza kwamba Yohana aliwaandikia Wakristo walioonewa, ili wasiogope, maana Mwanakondoo amekwisha kushinda. Asiyesoma mpaka mwisho, kilisema, anabaki na mnyama peke yake.

"Kwani mwisho kuna nini?" Mzee aliuliza.

"Kuna harusi, mzee," Kwangu akajibu. "Mji mtakatifu unashuka umepambwa kama bibi harusi."

Mzee akamgeukia Boke.

"Kumbe Mungu mwenyewe anamalizia na harusi," akasema, "halafu mimi nimeizuia ya kwangu!"

Boke akamrukia shingoni palepale dukani.

Pamba ilipokwisha kuvunwa, ndugu zake Masatu walifika kutoka ziwani na matenga ya samaki aina ya sato, kwaya mbele yao. Mzee Mniko alisimama kutoa nasaha kwa maharusi, akaanza kuwafafanulia makanisa saba ya Ufunuo, moja baada ya jingine. Alipofika la tatu, Kwangu aliikonyeza kwaya, ngoma zikapigwa. Mzee akaingia uwanjani akicheza, huku bado anafafanua.